Fildi ifuate korosho: shajara ya mradi wetu Tandahimba na Newala

Mei

Mradi umepita kwenye kamati na fedha za kuanzia zimeingia. Ni fedha za mafuta ya gari, vipimo na posho ndogo ya wanafunzi, hazivuki hapo. Kazi yenyewe ni hii: wanafunzi wetu wa kilimo, uhasibu na tehama, ambao kila mwaka kwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, walikuwa wakitawanywa mmoja mmoja kwenye maofisi na kuishia kupanga mafaili na kutumwa chai, sasa wapangwe kwa makundi kwenye vyama vya msingi vya korosho, yaani AMCOS, katika wilaya za Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara. Kundi moja, kijiji kimoja. Anayejua shamba, anayejua vitabu vya fedha na anayejua kompyuta walale nyumba moja na wale chungu kimoja.

Kwa nini AMCOS? Kwa sababu huko ndiko pesa ya wilaya hizi mbili inakopita. Tangu msimu wa 2007/08 korosho ghafi huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, chama kinaupeleka ghala kuu, chama kikuu kinauingiza mnadani, na malipo yanarudi kwa mkulima kupitia benki. Kila hatua ina mzani, ina karatasi, ina mtu wa kuvisimamia. Na kila hatua ina upenyo wa mkulima kuumia bila kujua kaumizwa wapi. Kama chuo kina vijana wanaofundishwa kupima, kuandika na kukokotoa, sioni pengine pa kuwapeleka.

Vyuo kusini si haba tena. Stella Maris, tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), lipo Mtwara tangu 2009. Taasisi ya Uhasibu (TIA) wana kampasi, Chuo Kikuu Huria wana kituo, chuo cha MATI kinafundisha kilimo pale Naliendele, VETA wa mafunzo ya ufundi wapo Mtwara na Lindi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinajenga kampasi Lindi, kwa fedha za HEET, ule mradi wa elimu ya juu wa dola milioni 425 ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2021. Majengo yanakuja. Ninachotaka kukiona mimi ni kitu kidogo kuliko jengo: mwanafunzi awe kijijini siku ambayo kijiji kinamhitaji.

Juni

Kutambulisha mradi. Kutoka Mtwara hadi Mnivata ni lami tupu. Mbele ya hapo ujenzi unaendelea kuelekea Tandahimba, Newala na Masasi, kwa hiyo unafika ukiwa mwekundu kama tofali.

Viongozi wa vyama wametupokea vizuri kuliko nilivyotarajia, ila makarani wanatuangalia kwa jicho la pembeni. Karani mmoja aliuliza mara mbili kama wanafunzi watakuwa wanatuma taarifa wilayani. Nikamjibu kwamba watakachopima watampa yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuonekana kuamini, na sikumlaumu. Watu wa ukaguzi nao huja na kalamu na tabasamu.

Mazungumzo yaliyobaki kichwani ni ya mwenyekiti mmoja, mzee wa makamo ya sabini hivi, huko upande wa Newala. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, hao watoto wako tunawapenda. Lakini wanakuja salfa tumeshapuliza, na wanaondoka mzani haujafunguliwa. Sasa huwa wanajifunza nini, kukaa kivulini?"

Jioni ile nililaza ratiba ya chuo mezani, nikaweka kando yake msimu wa korosho. Mkorosho huku hutoa majani machanga na maua kuanzia Mei na Juni, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua, unaingia hapohapo, maana usiku una baridi na umande. Salfa, unga wa kuuzuia, inapulizwa kuanzia Juni, raundi baada ya raundi, hadi Agosti. Kuanzia Septemba korosho zinaanguka, na minada inaanza Oktoba na kwenda hadi Desemba, pengine Januari. Sasa ratiba yetu: mitihani ya muhula wa pili inaishia Julai, fildi inaanza mwishoni mwa Julai na kumalizika Septemba, na Oktoba au Novemba masomo yanafunguliwa. Fildi imekaa barabara kwenye kile kipindi ambacho mkulima anasafisha chini ya miti na kusubiri. Mzee hakutia chumvi hata kidogo.

Ratiba hiyo hakuna aliyeitunga kwa nia mbaya. Inaendana na udahili, matokeo ya kidato cha sita, mikopo, na kumbi za mihadhara. Lakini imetungwa kana kwamba wanafunzi wote wa Tanzania wanakwenda fildi kwenye ofisi ambayo Agosti na Novemba zake ni sawa.

Julai, mwishoni

Wamefika. Vyumba vimepatikana kwa wenyeji, na suala la maji tumelimaliza kwa kununua madumu na kuelewana na kijana wa bodaboda. Uwanda wa Makonde unajulikana kwa shida ya maji. Wanafunzi wa Dar es Salaam walidhani natania nilipowaambia ndoo ya kuoga ina bajeti yake.

Agosti

Kwa bahati, miti iliyochelewa kutoa maua bado inapulizwa, kwa hiyo makundi yameona salfa walau kwa mkia wake. Niliwafuata alfajiri moja. Kazi inaanza giza halijatoka, kwenye saa kumi na nusu, ikamalizika jua likichomoza. Sababu mbili: upepo umelala, na umande bado umo kwenye mashada ya maua, kwa hiyo unga unanata. Saa tatu asubuhi unga huohuo unakwenda shambani kwa jirani. Mpulizaji anabeba mashine mgongoni, anaizungusha chini ya mti akielekeza bomba juu, na wingu la njano linapanda kupita matawi. Kitambaa alichojifunga usoni kilikuwa cha khanga. Wanafunzi wetu walikuwa na barakoa na miwani tuliyowanunulia, na kabla jua halijawaka zote zilikuwa zimehamia kwa wapulizaji. Nimeandika kwenye bajeti ya mwakani: barakoa na miwani ziwe za wapulizaji tangu mwanzo.

Maelekezo ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, ambayo wakulima wengi wanayajua kwa kichwa, ni robo kilo ya salfa kwa mti kila raundi, raundi tano, kila baada ya wiki mbili. Yaani kilo moja na robo kwa mti kwa msimu. Wanafunzi wa kilimo walikaa na wakulima wakijaza daftari: miti mingapi, raundi ngapi, mifuko mingapi. Kikajitokeza kitu ambacho ofisini usingekiona. Mkulima mwenye miti mikubwa ya zamani anampa mti mmoja zaidi ya hiyo robo kilo ili unga ufike juu, kisha raundi ya nne salfa imekwisha, na maua ya mwisho yanabaki hayana mlinzi. Salfa ya ruzuku inagawiwa kwa idadi ya miti iliyosajiliwa. Ukubwa wa mti haumo kwenye fomu. Binti mmoja wa mwaka wa pili ameanza kupima upana wa kivuli cha mti mchana ili kukadiria mahitaji yake. Nimemwambia aendelee, hiyo tayari ni mada ya utafiti.

Swali la udongo nalo limeibuka, tena kutoka kwa mkulima. Aliuliza kwa nini mahindi yake chini ya mikorosho hayana afya kama ya zamani. Salfa inayodondoka chini hugeuzwa na bakteria wa udongoni kuwa asidi, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu kubwa ya kuhimili hilo. Watafiti wamelizungumzia tangu miaka ya 1990. Tumechukua sampuli, tutaona.

Jioni ni ming'oko ya kuchemsha na hadithi. Wazee wanasimulia jinsi zao lilivyoporomoka. Takwimu ninazozifundisha darasani zinasema nchi ilivuna tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74, na kufika 1986/87 zilikuwa zimebaki kama 16,000 na ushei. Vitabu vinataja ubwiri unga, bei duni na operesheni ya vijiji iliyowahamisha watu mbali na mashamba yao. Mzee mmoja alieleza hiyo ya mwisho kwa namna ambayo kitabu hakiwezi: mti ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima kutoka nyumba mpya, na korosho ukiziacha siku mbili chini, kuna mwenye miguu ya karibu zaidi yako. Basi watu wakaacha kufyeka, nyasi zikapanda, moto ukapita.

Mwanafunzi mmoja anatoka Nachingwea, na yeye alileta habari ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule wa 1947 hadi 1951. Matrekta, reli, hadi bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilichimbuka kutokana na mradi huo. Karanga zikagoma, kwa sababu walioupanga walikuwa na haraka kuliko mvua na udongo. Reli iling'olewa baadaye, bandari ikabaki, na leo tunaipakilia korosho. Walijadili hadi usiku mkubwa kama mradi ulioshindwa unaweza kuhesabiwa kuwa umeacha faida. Sikuingilia.

Septemba

Fildi imekwisha, makundi yamerudi, ripoti zinaandikwa. Na mizani ndiyo kwanza inasafishwa.

Nimepeleka idarani ombi la kuwaachia wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaoanza utafiti wao wa kuhitimu wakusanye data vijijini kuanzia Oktoba, mihadhara yao ikipangwa kwa siku za Alhamisi na Ijumaa tu. Kikao kilikuwa kirefu. Mwenzangu wa uhasibu aliuliza swali la haki: mwanafunzi akikosa vipindi vya kodi, mtihani atajibu kwa korosho? Mwingine akakumbusha kwamba hili si jipya, kwamba Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu na kazi vifungamane, na kwamba wengi waliokuwa chuoni enzi hizo hawana hamu ya kulirudia. Kweli. Ila Musoma lilimtaka kijana apitie kazini kabla ya kuingia chuo kikuu. Mimi naomba Jumatatu mpaka Jumatano.

Wamekubali kwa majaribio, kundi dogo, vijiji viwili.

Oktoba

Hapa ndipo mradi umeanza.

Ghala la chama ni chumba kirefu cha bati, mlango wa chuma, mzani umening'inia kwenye boriti, meza ya karani, na nje foleni ya baiskeli, pikipiki na akina mama wenye viroba kichwani. Tulichoongeza ni meza ya pili. Juu yake kuna kipimo cha unyevu, mizani ndogo ya gramu, mkasi wa kukatia korosho na sinia. Kabla mzigo haujapanda kwenye mzani wa chama, mwenye mzigo akitaka anapimiwa bure, na jibu anaelezwa yeye mwenyewe, papo hapo.

Wiki ya kwanza hakuna aliyetaka. Wakapita mbele ya meza yetu kama watu wanaopita mbele ya kituo cha polisi, hadi bibi mmoja, ambaye mwaka jana kiroba chake kilirudishwa na mpaka leo hajui sababu, alipotua mzigo wake mezani kwetu na kumwambia mwanafunzi: "Haya mjukuu wangu, niambie una ugonjwa gani huu."

Kijana akamwamkia, akamwomba achote mwenyewe kutoka juu, katikati na chini ya kiroba. Hilo la kumwachia mwenye mali achote lilikuwa wazo la mwanafunzi wa tehama, na ndilo lililotuokoa; watu hawaamini sampuli iliyochotwa na mkono wa mtu mwingine. Kipimo kikasoma asilimia 12 na nukta. Ghalani kinachotakiwa ni kisizidi 10. Zile za chini ya kiroba zilikuwa na unyevu zaidi ya za juu. Bibi akaulizwa kiroba kinakaa wapi. Chini, kwenye udongo, chumba cha nyuma, kwa sababu ya wezi. Basi dawa ikajulikana: anika tena siku mbili tatu juani kwenye jamvi, geuza, kisha pandisha kiroba juu ya magogo, kisiguse chini wala ukuta. Akarudi wiki hiyohiyo na asilimia 9. Aliposhuka kwenye mzani wa karani akiwa na karatasi yake, foleni nzima ikageuka. Kesho yake meza yetu ndiyo iliyokuwa na foleni.

Karani, yule wa Juni, naye amelegea. Siku za nyuma yeye ndiye aliyekuwa akitukanwa mzigo ukirudishwa kutoka ghala kuu, na gharama ya usafiri wa kurudisha ilikuwa ikiangukia chama. Sasa anawatuma watu mezani kwetu kwa sauti kubwa: "Pitia kwanza kwa walimu!" Sina hakika kama anatusaidia au anatutupia mzigo wake, ila matokeo ni yaleyale.

Kipimo cha ubora nacho nakieleza, maana wanafunzi wa uhasibu waliking'ang'ania wenyewe. Unachukua kilo moja ya korosho ghafi. Unahesabu punje. Sampuli moja ya wiki ya pili ilikuwa na punje 196, si mbaya. Unakata zote katikati kwa mkasi, unachambua kiini: kizuri upande huu, chenye madoa au kilichosinyaa kiasi upande ule, kilichooza au kitupu kinatupwa. Unapima gramu. Ile sampuli ilitoa gramu 262 za kiini kizuri, na 14 za kile chenye kasoro, ambacho huhesabiwa nusu, yaani 7. Jumla 269. Zidisha kwa 80, kwa kuwa biashara ya dunia inahesabu kwa gunia la kilo 80, gawanya kwa 453.6 upate ratli. Ratli 47 na pointi nne. Hiyo ndiyo namba ambayo mnunuzi wa India au Vietnam anaitazama anapoandika bei yake, na mkulima aliyeitoa korosho hiyo hajawahi kuisikia.

Mkasi una adhabu yake. Mafuta ya ganda yanababua. Siku ya pili vidole vya wanafunzi vilikuwa vyeusi na ngozi inabanduka, na mama aliyekuwa akiuza maandazi pembeni akacheka, akaleta majivu kwenye kopo: paka mikono kwanza, ndipo ukate. Akina mama wanaobangua korosho majumbani wanafanya hivyo miaka yote. Tulikuwa na glavu, lakini glavu za maabara na mkasi wa korosho havipatani, zinachanika. Majivu yameingia kwenye orodha ya vifaa vya mradi, na hayana bei.

Novemba

Minada imepamba moto. Sasa zamu ya uhasibu.

Tatizo ni la zamani. Mkulima anasikia bei ya mnada redioni au kwenye simu. Anazidisha kwa kilo zake, anapata hesabu, anaipangia bati, ada ya shule, deni la duka. Benki inaingia kidogo kuliko hesabu. Hapo maneno yanaanza: karani kaiba, bodi ya chama imekula, chama kikuu kimekula. Mara nyingine kweli kuna aliyekula. Lakini mara nyingi ni makato halali ambayo hakuna aliyeyaeleza: ushuru wa halmashauri, ya chama cha msingi, ya chama kikuu, usafirishaji, ghala, magunia. Bei ya mnada na bei ya mkulima ni vitu viwili, na mkulima anatangaziwa kimoja.

Wanafunzi wametengeneza ubao. Ubao wa mbao wa kawaida, umepakwa rangi nyeusi, umetundikwa nje ya ghala. Baada ya kila mnada wanaandika kwa chaki: bei ya mnada, kisha kila kato kwenye mstari wake, kisha kinachobaki kwa kilo moja. Chini kuna mfano wa kilo 100. Kijana wa tehama alikuwa ameandaa programu nzuri ya simu inayofanya hesabu hiyo, na inafanya kazi, ila ubao unasomwa na watu wengi kuliko simu, tena unasomwa kwa pamoja, kwa sauti, na ubishi. Mtu mmoja akisoma wanasikia kumi. Programu tumeiachia karani, inamrahisishia kazi.

Siku ya kwanza ya ubao palikuwa na zogo. Mjumbe mmoja wa bodi ya chama alitaka ushushwe, kwa hoja kwamba "mambo ya ndani yanawekwa barabarani." Mwenyekiti akamuuliza makato hayo ni siri ya nani, ikiwa yanatoka kwenye mfuko wa hawa waliosimama hapa. Ubao umebaki. Lakini mstari mmoja, wa gharama ndogondogo za chama, uliandikwa upya wiki iliyofuata ukiwa na namba ndogo kuliko ya awali. Wanafunzi waliniuliza nini kilitokea. Niliwaambia waandike kilichoonekana, wasiandike wanachokidhania.

Watu wa huku hawasahau 2018. Wakulima walizigomea bei za wanunuzi, serikali ikaingia na kutangaza 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba mzigo. Kila kijiji kina simulizi yake ya siku malipo yalipofika na ya nani alikataliwa kwenye uhakiki. Na humo ndimo lilipopata umaarufu nchi nzima neno kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa kipimo cha bakuli kabla ya msimu, mkulima akiwa na njaa. Kangomba wapo mpaka leo. Mwanafunzi mmoja wa uhasibu aliwahoji wakulima wanaowauzia, akapata sababu moja tu inayojirudia: pesa ya stakabadhi inachelewa na mtoto anaumwa leo. Anaandika utafiti wake juu ya mikopo midogo ya dharura ndani ya AMCOS. Mwalimu mwenzangu aliyeuliza habari ya mtihani wa kodi ndiye anayemsimamia, na wiki hii alikuja kijijini mwenyewe, akasimama mbele ya ubao muda mrefu, akakosoa namna mstari wa ushuru ulivyoandikwa. Alikuwa sahihi.

Desemba

Mvua zimeanza. Unyevu umepanda, meza ya vipimo ina kazi kutwa. Likizo ya Krismasi. Wawili wamebaki kwa hiari.

Akina mama wa kikundi cha ubanguaji wanataka wanafunzi wa fani ya chakula waje. Hatuna fani hiyo chuoni kwetu. Nimewaandikia watafiti wa Naliendele, ambao wamekuwa wakifundisha usindikaji wa korosho na mabibo, yale matunda ya mkorosho, kuomba siku mbili za mafunzo. Mabibo yanaoza chini ya mikorosho kwa tani, kasoro yale yanayoishia kwenye uraka, pombe ya mabibo.

Januari

Kikao cha tathmini. Nimepeleka madaftari ya ghala, picha za ubao, na barua ya mwenyekiti wa Newala aliyoiandika kwa mkono, kurasa mbili, ambayo nusu yake ni malalamiko juu ya barabara.

Hoja yangu ilikuwa moja, sikutaka kuitawanya: fildi igawanywe. Sehemu ya kwanza Juni, salfa ikianza. Sehemu ya pili Oktoba na Novemba. Posho ya Bodi ya Mikopo kwa mafunzo kwa vitendo hukadiriwa kwa siku, mwisho 56, kwa hiyo kwa hesabu hakuna kinachoongezeka ukizikata mara mbili. Kinachoongezeka ni nauli, na maumivu ya kichwa kwa mpanga ratiba.

Kilimo wamekubali yote. Uhasibu wamekubali Oktoba na Novemba, wamekataa Juni, na nadhani wana haki, mhasibu Juni ghalani atahesabu buibui. Tehama wanasema mwalimu wao ni mmoja na hawezi kuwa sehemu mbili, tumeahirisha. Ofisi ya mitihani inataka pendekezo la maandishi la namna mtihani wa muhula wa pili utakavyosogezwa kwa wanaokwenda Juni, na hapo ndipo naona vita ya kweli itakapokuwa, kwa sababu chumba cha mtihani kinasogezwa kwa shida kuliko mvua.

Majibu ya udongo yametoka kwa sehemu. Chini ya miti kuna asidi zaidi kuliko nje ya kivuli katika mashamba karibu yote tuliyopima. Sampuli ni chache, kwa hiyo kwa wakulima tumesema hivyohivyo, kwamba ni chache. Binti wa vivuli vya miti ataendelea nazo kwa utafiti wake wa mwaka wa tatu, na ameomba apangwe kijiji kilekile.

Bodi ya Korosho imekuwa ikiajiri vijana wa ugani kupitia BBT, mpango wa serikali wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo, na kuwapeleka vijijini. Mmoja yuko kata jirani. Amekuja kuangalia meza yetu, akauliza mkasi tumeununua wapi. Nitamwomba mwakani afundishe wiki ya kwanza badala yangu, anajua mashamba kwa majina ya wenyewe.

Vya kununua kabla ya Juni: vipimo viwili vya unyevu, barakoa na miwani kwa wapulizaji wa vijiji vitatu, chaki, jamvi moja la akiba kwa ghala la upande wa Tandahimba. Ubao wa tatu fundi ameshaahidi, ila anataka malipo nusu mbele.